Je, wajua? Kifuu, tanki tupu na karai la samaki vinaweza kuwa ngoma moja

Pita soko la samaki la Bagamoyo wakati samaki wanakaangwa: vifuu vinagongana, mafuta yanachacharika, mtu anapiga tanki tupu la plastiki. Prodyuza akizinasa sauti hizo kwa simu, akazipandanisha kwenye kompyuta, msikilizaji husikia pigo moja la ngoma. Kwa nini sikio linakubali?

Kwa sababu sikio hutazama zaidi muda wa kuanza. Sauti zikianza pamoja, ubongo unazichukulia kuwa zimetoka kwenye kitu kimoja. Moja ikichelewa kwa milisekunde 30 hivi, mapigo yanakuwa mawili na uongo umefichuka.

Kwa hiyo kila sauti hupewa kazi yake. Vifuu hutoa ule mshtuko wa mwanzo, "ta!", na uzito wao wote wa chini hukatwa. Tanki ndilo mwili: ikiwa mlio wake ni hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, ukiucheza kwa nusu ya kasi unashuka hadi 55, na hapo mdundo unasikika kifuani. Karai ndilo mkia. Sneya halisi, ile ngoma ya bendi yenye mlio mkali, huchacha kwa sababu ya nyaya zilizotandazwa chini ya ngozi yake. Mafuta ya moto nayo yana mchacho wa namna hiyo, mchanganyiko wa sauti nyingi za juu. Kata kipande kifupi tu, la sivyo watu watanusa samaki.

Wengi hukwama wanapoweka sauti mbili nzito pamoja na mdundo ukanywea badala ya kunenepa. Wimbi moja linasukuma hewa huku lingine linavuta, yanauana. Kwa hezi 55 wimbi zima huchukua milisekunde 18, hivyo kusogeza sauti moja kwa milisekunde 9 tu kunaweza kurudisha uzito wote. Binafsi naona bora uzito ubebwe na sauti moja basi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1948, jijini Paris, Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio wa Ufaransa, alitunga muziki kwa sauti za treni alizozinasa kwenye sahani za santuri.

Ukienda kunasa ufukweni, wahi asubuhi. Mchana upepo wa bahari hupiga maikrofoni na kujaza ngurumo pale pale chini unapoutaka mdundo wako. Ikibidi, ivalishe simu soksi nene.