Je, wajua mchanga unaweza kuchora sauti?

Watu wengi wakiona mchoro usio na mtu, mti wala jahazi, huuliza: sasa hii ni picha ya nini? Kuna aina moja ya sanaa dhahania ambayo swali hilo lina jibu kamili: ni picha ya sauti. Bagamoyo, mji wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) ambako ngoma na ala za asili hufundishwa, una kila kinachohitajika kuichora.

Mwaka 1787 Mjerumani Ernst Chladni alichapisha kitabu kuhusu jambo hili. Alinyunyiza mchanga juu ya bamba jembamba, akalisugua ukingoni kwa upinde wa fidla. Bamba likalia, mchanga ukarukaruka, kisha ukajipanga kwa mistari, nyota na miduara. Napoleon alivutiwa mno alipoonyeshwa, na Ufaransa ikatangaza zawadi kwa atakayeeleza hesabu za maumbo hayo. Aliyeipata, mwaka 1816, alikuwa mwanamke: mwanahisabati Sophie Germain.

Inakuwaje? Bamba linapolia halitikisiki sawasawa kila mahali. Mawimbi hufika ukingoni, hurudi na kukutana na yale yanayokuja. Pengine huongezeana nguvu, pengine huzimana. Chembe iliyoangukia panapotikisika hurushwa huku na huku hadi itue palipotulia, na hapo hakuna cha kuiondoa. Sauti ikiwa nyembamba, mawimbi huwa mafupi na mistari huongezeka. Ajabu ni kwamba vumbi laini sana hufanya kinyume: hukusanyika panapotikisika zaidi, likibebwa na mikondo midogo ya hewa inayozuka juu ya bamba. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilieleza hilo mwaka 1831. Mchoraji akichanganya mchanga na vumbi la rangi nyingine, sauti moja itamchorea picha mbili kwa mpigo, na natamani sana wasanii wetu walijaribu.

Basi msanii anafanya nini, ikiwa sauti inajichora? Kazi yake iko kidoleni. Ukiligusa bamba mahali fulani, unapazuia pasitikisike, na mstari hulazimika kupita hapo. Hamisha kidole, sugua upande mwingine, umbo linabadilika lote. Kwangu huo ni uchoraji halisi, kwa kuwa kila mstari umetokana na uamuzi wa mkono.

Chukua bati bapa la mraba, kingo zake zipigwe tupa zisikate mtu, ulikaze kwa skrubu moja katikati juu ya kigingi. Badala ya fidla, upinde wa zeze la Kigogo, ala aliyoivumisha marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose, unaweza kutumika ukipakwa ulimbo. Ngozi ya ngoma nayo huchora, ila pigo moja hufifia kabla mchanga haujajipanga. Afadhali kuweka spika chini yake itoe mlio mmoja usiokatika. Hapo utaona miduara na mistari inayopita katikati.

Mchanga wa ufukweni uoshwe kwanza kwa maji baridi. Chumvi huvuta unyevu na chembe hushikana. Kisha uanikwe na kuchekechwa. Umbo likitulia, teremsha juu yake karatasi yenye gundi, ibonyeze taratibu, uiinue moja kwa moja kwenda juu. Ukiiburuza, mistari itavurugika na itabidi uanze upya.