"Haina BPA" si "haina plastiki"

Jumamosi tulikwenda Tabata, Dar es Salaam, kumwona mzazi. Zawadi zilipofunguliwa ikatoka pampu ya kukamulia maziwa, bado imo kwenye boksi, na shangazi aliyeileta akatusomea maandishi ya pembeni: BPA Free. "Hii ndiyo nzuri," akasema, "haina plastiki." Nikaipokea, nikaigeuza. Faneli ya kuweka kwenye titi, plastiki. Chupa, plastiki. Kifuniko, plastiki. Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshapakuliwa mtori na ugeni una adabu zake. Lakini hiyo ni mara ya tano mwaka huu nasikia maneno hayohayo, dukani na majumbani.

BPA ni kifupi cha bisfenoli A. Ni kemikali inayotengenezea polikaboneti, ile plastiki ngumu, angavu kama kioo, isiyovunjika ovyo. Imo pia kwenye utando unaopakwa ndani ya baadhi ya makopo ya chakula. Kikiandikwa "haina BPA", maana yake kemikali hiyo moja haikutumika. Basi. Lebo haijasema neno juu ya kemikali nyingine yoyote.

Kinachowapoteza wengi ni ile herufi A. Tumezoea vitamini A, B, C, na daraja A shuleni, kwa hiyo mtu anadhani A ni ya kwanza kwenye orodha, au ndiyo kubwa kuliko zote, na akishaikwepa amekwepa ukoo mzima. Sivyo. A ni ya asetoni, ileile inayofutia rangi ya kucha. "Bis" ni Kilatini, mara mbili. Fenoli mbili zinaunganishwa na asetoni moja, mkemia anaandika bisfenoli A na kuendelea na kazi zake. Neno fenoli lenyewe lina hadithi tamu: limetoka kwenye neno la Kigiriki la kuangaza, kwa sababu jamaa za kemikali hizi ziligunduliwa kwenye mabaki ya gesi ya makaa ya mawe iliyowashia taa za barabarani Ulaya. Na asetoni imetokana na neno la Kilatini la siki. Kwa hiyo jina linalotutisha kwenye chupa za watoto limebeba taa na siki. Sijui shangazi angesemaje.

Ukishaelewa A ni ya nini, unaelewa pia kwa nini kuna ndugu zake. Bisfenoli F, fenoli mbili zimeunganishwa na fomaldehidi, ile ya kuhifadhia maiti. Bisfenoli S, kiunganishi chake kina salfa. Umbo lao linafanana na la A, na wanasayansi wamekuta kwamba S na F nazo zinaweza kujifanya homoni mwilini. Wakati A ilipoanza kupigwa vita, S iliingia mahali pake kwenye bidhaa kadhaa, zikiwemo karatasi za risiti. Bidhaa iliyotengenezwa kwa S inaandikwa "haina BPA", na aliyeandika hajadanganya hata kidogo. Hapo ndipo ninapokereka: kila neno la lebo ni kweli, na msomaji bado anaondoka na uongo.

Kujifanya homoni si uvumi wa mitandaoni. BPA ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1891 na Mrusi, Aleksandr Dianin. Miaka ya 1930 Mwingereza Edward Charles Dodds, akitafuta estrojeni, homoni ya kike, ya kutengeneza maabara, aliijaribu na kuona inafanya kazi hiyo, ingawa kwa udhaifu. Alipata nyingine yenye nguvu zaidi, hii ikawekwa kando. Mwaka 1953 ndipo polikaboneti ikapatikana, Ujerumani na Marekani karibu kwa wakati mmoja, na kemikali iliyowahi kupimwa kama dawa ya homoni ikaishia kwenye chupa ya mtoto. Polikaboneti ikichemshwa mara kwa mara huachia BPA kidogo kidogo, nasi chupa za watoto tunazichemsha sufuriani kila siku. Kanada ilitangaza kuzizuia chupa za watoto za polikaboneti mwaka 2008, Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku mwaka 2011, Marekani ikafuata 2012. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliteremsha kiwango cha BPA kinachovumilika kwa siku mara 20,000 kutoka pale kilipokuwa.

Kwa hiyo chupa mpya nyingi na pampu nyingi za leo ni polipropilini, plastiki yenye ukungu kidogo, namba 5 kwenye pembetatu ya chini. Nayo haijawahi kutengenezwa kwa BPA tangu izaliwe. Kuiandika "haina BPA" ni sawa na muuza mchicha kutangaza kwamba mchicha wake hauna mifupa. Ile yenye rangi ya asali iitwayo PES hutengenezwa kwa bisfenoli S, ingawa inavumilia joto vizuri kuliko polikaboneti. Namba 7 maana yake ni "nyinginezo" tu. Polikaboneti imo humo, na zisizo na BPA zimo humohumo, kwa hiyo 7 peke yake haimhukumu mtu.

Wa kuogopa kweli ni mtumba. Pampu au chupa iliyotumwa na ndugu kutoka nje, iliyokaa kabatini tangu kabla ya 2011, huenda ni polikaboneti. Na pampu iliyotumika, ambayo maziwa yanaweza kupenya hadi kwenye mota, haifai kurithishana hata plastiki yake ingekuwa dhahabu, kwa kuwa ndani ya mota hapaoshwi.

Halafu polipropilini yenyewe ina yake. Watafiti wa Trinity College Dublin walichapisha mwaka 2020 kwamba chupa za aina hiyo, maziwa ya unga yakitayarishwa ndani yake kwa maji ya moto, huachia chembe ndogondogo za plastiki hadi milioni 16 kwa lita. Kadiri maji yanavyokuwa ya moto, ndivyo chembe zinavyozidi. Hakuna BPA hata tone hapo. Plastiki ipo.

Tunaye mzazi anayerudi ofisini baada ya likizo ya uzazi ya siku 84. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ambazo kwa foleni ya Tabata zinaishia barabarani, kwa hiyo pampu ataihitaji kweli. Kwake nadhani ukubwa wa faneli una uzito kuliko maandishi ya boksi. Ikibana, titi linauma na maziwa hayatoki vizuri.

Shangazi, shikamoo. Pampu uliyoleta ni nzuri, nilichungulia chini ya chupa nikaona namba 5. Tuisome tu ilivyoandikwa: haina BPA. Akishakamua, maziwa ayamimine kwenye kikombe cha bati au bilauri, na akitaka kuyapasha akiweke kikombe hicho ndani ya bakuli la maji ya moto, chupa abaki nayo ya kukamulia. Mtoto atanywa kwa kikombe, kama kliniki wanavyofundisha.