Kwa nini aliyepooza anasema hajapooza? Maswali na majibu kuhusu nusu mbili za ubongo

Mtu akipatwa na kiharusi, ndugu huuliza kwanza habari za mkono na mguu. Atatembea tena? Atashika kijiko? Ni maswali ya haki. Lakini kiharusi kinaweza pia kubadilisha namna mgonjwa anavyouona ulimwengu, anavyoamua mambo na anavyokubali au kukataa ushauri, na hayo ndiyo yanayoleta ugomvi nyumbani. Mgonjwa anaitwa mbishi, mkaidi, hata mwongo, kumbe ni sehemu ya ubongo iliyoumia. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanaouguza.

Ni kweli ubongo una nusu mbili?

Kweli kabisa. Ubongo umegawanyika katikati kuanzia mbele hadi nyuma, na nusu hizo zimeunganishwa na mkanda mnene wa nyuzi za neva zinazokadiriwa kufikia milioni 200. Nusu ya kushoto huongoza upande wa kulia wa mwili, na nusu ya kulia huongoza upande wa kushoto. Kwa hiyo aliyepooza mkono na mguu wa kushoto kwa kiharusi, kwa kawaida ameumia ubongo wa kulia. Tafadhali likumbuke hilo, maana tutalirudia.

Kwa macho mpango ni tofauti kidogo. Kila jicho huona pande zote mbili. Kilicho kushoto mwa pale unapokazia macho hupelekwa kwenye nusu ya kulia, na kilicho kulia hupelekwa kwenye nusu ya kushoto.

Kila nusu ina kazi gani?

Kazi nyingi hufanywa na zote mbili kwa pamoja. Iliyoegemea upande mmoja waziwazi ni lugha. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa ameishi miaka mingi akitamka karibu neno moja tu, "tan". Alikuta jeraha sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto, na baada ya kuona wagonjwa wengine wa aina hiyo, mwaka 1865 alitangaza kwamba tunazungumza kwa ubongo wa kushoto. Leo tunajua ni hivyo kwa takriban asilimia 95 ya wanaotumia mkono wa kulia, na kwa takriban asilimia 70 ya wanaotumia mkono wa kushoto.

Nusu ya kulia ndiyo yenye mchango mkubwa zaidi katika kugawa umakini kwenye mazingira, kutambua nyuso, na kusikia kilichomo ndani ya sauti: hasira, huzuni, mzaha, kejeli. Pia hutusaidia kujua mwili wetu uko katika hali gani.

Basi kuna watu wa "ubongo wa kulia", wasanii, na watu wa "ubongo wa kushoto", wenye hesabu?

Hapana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichambua picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 na hawakukuta watu ambao nusu moja ya ubongo wao imeitawala nyingine. Mtoto akishindwa hesabu, msimwambie kwamba ubongo wake ni wa upande mwingine. Mtafutieni mwalimu mvumilivu.

Daktari, baba alipata kiharusi, upande wa kushoto umepooza. Anaongea vizuri tu, lakini anasema hana tatizo lolote, anataka kurudi kazini. Akila anaacha nusu ya chakula na kulalamika kwamba tumempunja. Anatufanyia makusudi?

Poleni sana kwa kuuguza. Hapana, hafanyi makusudi. Unayoyaeleza ni mambo mawili ambayo hufuatana mara nyingi na jeraha la ubongo wa kulia.

La kwanza ni kutozingatia upande wa kushoto. Macho yanaweza kuwa mazima, ila ubongo hauupi upande huo nafasi. Mtazameni akila: atamaliza ugali na mboga vilivyo kulia kwa sahani na kuiacha nusu ya kushoto haijaguswa. Izungusheni sahani bila kuongeza kitu, na huenda akaanza kula upya. Ndiyo maana anaona amepunjwa. Atanyoa ndevu shavu moja, atavaa mkono mmoja wa shati, atagonga bega la kushoto mlangoni, na ukimsemesha kutoka kushoto anaweza kumtafuta msemaji upande wa kulia.

Upungufu huu unaingia hata kwenye kumbukumbu. Mwaka 1978 watafiti Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaomba wagonjwa wawili wa aina hii wa mji wa Milan, Italia, wajifikirie wamesimama katika uwanja mkuu wa mji wao wakiwa wamelielekea kanisa kuu, wataje majengo. Walitaja hasa majengo ya upande wa kulia. Kisha wakaombwa wajifikirie wamesimama mlangoni mwa kanisa wakiupa mgongo, wataje tena. Safari hii wakataja yale waliyoyaacha mwanzo, kwa kuwa sasa yalikuwa kulia kwao. Majengo yote walikuwa wanayajua. Kilichokosekana ni njia ya kuufikia upande wa kushoto wa picha iliyo kichwani.

La pili ni kutojua kwamba anaumwa. Daktari Joseph Babinski wa Ufaransa aliiita hali hiyo anosognosia mwaka 1914. Ukimwambia "baba, inua mkono wa kushoto", anaweza kukujibu "nimeshainua" na mkono umelala pale pale. Au atasema amechoka, au hapendi kuamriwa. Wengine husema mkono ule si wao. Inatisha kuusikia, na katika familia nyingi hapo ndipo linapokuja wazo la pepo au kurogwa. Ni jeraha la ubongo, na linaonekana kwenye kipimo cha CT scan au MRI kama jeraha lingine.

Inawezekanaje mtu atoe sababu isiyo ya kweli kwa uhakika hivyo, na asiwe anadanganya?

Jibu bora lilipatikana kwa wagonjwa wa kifafa kikali. Miaka ya 1960 huko Los Angeles, madaktari Philip Vogel na Joseph Bogen waliukata ule mkanda unaounganisha nusu mbili ili degedege isivuke kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtafiti wa ubongo Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga wakawachunguza wagonjwa hao kwa miaka, na Sperry akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Jaribio moja la Gazzaniga na mtafiti mwenzake Joseph LeDoux linastahili kuelezwa taratibu. Kijana aliyefanyiwa upasuaji huo alionyeshwa picha mbili kwa wakati mmoja. Nusu yake ya kushoto, yenye lugha, ilioneshwa mguu wa kuku. Nusu ya kulia ilioneshwa nyumba iliyozungukwa na theluji. Kisha akaombwa achague kwa mikono picha zinazohusiana na alichokiona. Mkono wa kulia ulichagua kuku. Mkono wa kushoto ulichagua beleshi, jambo la maana kabisa, kwani theluji huzolewa kwa beleshi.

Alipoulizwa kwa nini amechagua hivyo, aliyejibu ni nusu ya kushoto, ambayo theluji hakuiona. Hakusema "sijui". Alijibu mara moja kwamba mguu unakwenda na kuku, na beleshi ni la kusafishia banda la kuku.

Gazzaniga aliita kazi hiyo ya nusu ya kushoto kuwa ni ya mfasiri: hupokea vipande vya habari na kuvitungia maelezo yanayoshikamana. Maelezo hayo huja na uhakika ule ule, yawe ya kweli au la. Sasa mfikirieni baba. Nusu ya kulia, ambayo ingeleta taarifa kwamba mkono hausogei, imeumia. Mfasiri ni mzima, hajaletewa taarifa hiyo, na anaulizwa swali. Anajibu kwa alichonacho.

Mimi mzima, hayo yananihusu?

Yanakuhusu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliwaonyesha watu picha mbili za nyuso na kuwaomba wachague inayowavutia zaidi. Kwa mchezo wa mikono wakawapa ile waliyoikataa na kuwauliza kwa nini wameichagua. Mara nyingi watu hawakugundua, wakaeleza sababu za kuipenda sura ambayo hawakuichagua. Jaribio hilo halikupima nusu za ubongo, ila linaonyesha kwamba hata mwenye ubongo mzima hutunga sababu baada ya tendo na kuziamini. Mtu akikueleza kwa ujasiri kwa nini ameacha dawa za presha, ujasiri wake usikutoshe, mpimeni.

Hali hii huwapata wasiosoma?

Elimu haizuii. William O. Douglas alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani tangu 1939. Tarehe 31 Desemba 1974 alipata kiharusi cha ubongo wa kulia, mkono na mguu wa kushoto vikapooza. Alisisitiza kwamba yuko sawa, akawaalika waandishi wa habari waende naye matembezi ya milimani, na kudai kwamba mguu ule ule uliopooza unapiga mpira. Majaji wenzake walikubaliana wasiamue kesi yoyote ambayo kura yake ingekuwa ndiyo ya kuamua. Alijiuzulu Novemba 1975. Maneno yake yalikuwa fasaha, kwa sababu lugha haikuguswa. Ufasaha wa mgonjwa wa aina hii huwapoteza watu wengi, madaktari wakiwemo.

Tumkalishe kikao, wazee wamweleze mpaka aelewe?

Msimkalishe kikao. Kubishana kunampa mfasiri kazi ya kutunga sababu zaidi, na nyote mnabaki na uchungu. Wataalamu wamewahi kumwagia maji baridi katika sikio la kushoto la wagonjwa kama hawa, na baadhi wakakiri kwamba wamepooza, kwa muda mfupi, kisha wakarudia kukana. Maneno yasingeweza kufanya hivyo. (Msilijaribu nyumbani, linaleta kizunguzungu kikali na kutapika.)

Kinachosaidia ni kumwonyesha kwa vitendo, bila kumwaibisha. Badala ya "huwezi kusimama!", semeni "baba, tusimame pamoja, mimi nakushika hapa." Maji, simu na kengele ya kuita viwe kulia kwake kwa usalama. Wakati wa mazoezi, kaeni kushoto, mguseni mkono huo, mwambieni ageuze kichwa. Akisoma gazeti au msahafu, wekeni mkanda mwekundu pembeni kushoto mwa ukurasa, atafute ule mkanda kabla ya kuanza kila mstari. Mtaalamu wa mazoezi tiba atawaongezea mengine. Gari na pikipiki asiguse mpaka daktari aruhusu.

Kukana ugonjwa mara nyingi hupungua ndani ya siku au wiki chache. Kutozingatia kushoto kunaweza kudumu zaidi.

Na aliyeumia ubongo wa kushoto, asiyeweza kuongea?

Huyo ana afasia, na mara nyingi amepooza upande wa kulia. Asichukuliwe kama mtoto. Anaweza asiyashike maneno yenu yote, lakini sauti na uso anavisoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wenye afasia walitambua waongo kwenye video vizuri zaidi kuliko watu wasio na tatizo la ubongo. Kwa hiyo mkinong'ona kando ya kitanda na kumwambia "usijali" kwa uso uliosinyaa, ameshajua. Ongeeni polepole, sentensi fupi, swali moja moja la ndiyo au hapana. Na msishangae: anayeshindwa kuomba maji anaweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani au kaswida aliyoizoea tangu utotoni.

Mzee anaweza kuuza shamba au kusaini hati?

Kwa aliyeumia ubongo wa kulia, subirini. Anaweza kuongea kwa busara yote huku akishindwa kupima hatari, kukosa kusoma nia ya aliye mbele yake, na kuruka tarakimu za kushoto kwenye hati: 1,500,000 ikasomeka 500,000. Matapeli wanawajua watu hawa. Ombeni daktari apime uwezo wake wa kuamua kabla ya jambo lolote kubwa, na fanyeni hivyo kwa heshima, naye akiwepo.

Tukimwona mtu ghafla uso umepinda lakini anasema "niko salama, niacheni nilale"?

Msimwache alale. Angalieni mambo matatu: uso umepinda akitabasamu, mkono mmoja unashuka akiinua yote miwili, maneno yameparaganyika. Moja tu linatosha kumpeleka hospitali. Kiharusi cha kulia kinaweza kuacha maneno yakiwa safi, na mgonjwa mwenyewe akawa wa mwisho kujua, kwa hiyo msisubiri akubali. Msimpe chakula, maji wala aspirini, kwani anaweza kupaliwa, na aspirini ni hatari iwapo mshipa umepasuka. Msimpeleke kwanza kuchuliwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya CT scan, hivyo chagueni hospitali yenye kipimo hicho kama inafikika. Na kabla hamjaondoka, andikeni saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Daktari atawauliza hilo kwanza.