Malengo ya idara chuoni: yanayosemwa koridoni na yanayofanyika

Mpango mkakati unapokaribia kuisha muda wake, idara za vyuo vikuu vya umma Tanzania huitana kikaoni, na koridoni maneno ni yaleyale kila safari. Baadhi yana chembe ya ukweli, na hayo ndiyo yanayopotosha zaidi.

"Malengo yanatoka juu, sisi tunajaza fomu tu."

Nusu yake kweli. Idara hufuata mpango wa chuo, ambao kwa kawaida ni wa miaka mitano, na chuo hufuata mipango ya taifa, sasa hivi Dira ya 2050 iliyozinduliwa Julai 2025. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekwenda mbali hadi kujiwekea dira ya 2061, mwaka kitakapotimiza karne. Ila hakuna dira inayosema nani atafundisha takwimu muhula wa pili. Hilo ni la idara, na idara inayofika na rasimu yenye tarakimu ndiyo husikilizwa. Inayofika mikono mitupu hupangiwa.

"Tukidahili wengi, walimu wataletwa."

Hapa ndipo idara nyingi huumia. Katika chuo cha umma, ajira ya kudumu hudai nafasi iwemo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, mshahara wake utengwe kwenye bajeti, kisha kibali kitoke Ofisi ya Rais, Utumishi. Ada ya wanafunzi mia wa nyongeza haiwezi kuruka hatua hizo.

Anayetaka kuijua idara yake ya miaka kumi ijayo aache kwanza kurasa za dira na dhima, afungue orodha ya watumishi atazame safu ya mwaka wa kuzaliwa. Tangu marekebisho ya sheria ya 2018, profesa na mhadhiri mwandamizi hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 65. Mhadhiri wa kawaida bado ni 60. Kwa hiyo mwandamizi aliyezaliwa 1964 anaondoka 2029, na hilo linajulikana leo, bila ramli. Sasa tuseme idara inapata mkufunzi msaidizi mwaka 2026. Lazima awe na GPA (wastani wa alama, kati ya 5) isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, na ya umahiri isipungue 4.0 ndipo apande kuwa mhadhiri msaidizi. Umahiri miaka miwili, uzamivu minne mambo yakienda vizuri: tumefika 2032. Kati ya 2029 na 2032 wanafunzi wa umahiri watasimamiwa na nani? Lengo la kusomesha vijana lilipaswa kuandikwa kwenye mpango uliopita, na kwa maoni yangu ndilo lengo zito kuliko mengine yote, ingawa mara nyingi hulikuta limebanwa kwenye mstari mmoja ukurasa wa mwisho.

"Programu mpya ndiyo dalili ya kukua."

Mtaala mpya hupita idarani, kwenye kitivo au ndaki, kisha Seneti, na hatimaye Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambayo lazima iuidhinishe kabla hujadahili mtu. Njiani utaulizwa walimu wako wapi na soko la ajira linasemaje. Kuuhuisha mtaala uliopo ni kazi inayotakiwa vilevile, sema haina sherehe.

"Lengo likiwa pana, hakuna atakayetubana."

"Kuboresha utafiti na machapisho." Sentensi hii imo kwenye mipango mingi, na haina mwenyewe. Linganisha na hii: "Ifikapo Juni 2028, kila mwenye uzamivu awe amechapisha makala mbili kwenye majarida yenye mapitio ya kitaaluma, na idara iwe imewasilisha maombi mawili ya fedha za utafiti." Ya pili inatisha kidogo, lakini inapimika. Halafu siku hizi OPRAS, zile fomu za kupima utendaji wa watumishi wa umma, zimeipisha PEPMIS, mfumo wa kielektroniki: kila mtumishi huingiza kazi zake kwenye mfumo na kupimwa humo. Lengo la idara likiwa ukungu, mwenye kuhangaika kutunga kazi ni mtumishi mmoja mmoja.

"Muhula ndio kwanza umeanza, tuna muda."

Chuo kinaishi kwa kalenda mbili. Masomo huanza Oktoba au Novemba. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, baada ya Bunge kupitisha bajeti mwezi Juni, na makadirio huanza kuandaliwa miezi mingi kabla. Projekta inayohitajika darasani Novemba 2027 iko ndani ya mwaka wa fedha 2027/28, kwa hiyo mahitaji yake yanapaswa kuwa mezani kwa mkuu wa idara kuelekea mwisho wa 2026. Tena si kwenye makadirio tu: iingie pia kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, maana kisichokuwemo humo hakinunuliki kirahisi kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, hata kama fedha zipo.