Je, wajua? Kwa nini glaifosati hufia ndani ya pampu kabla ya kufika kwenye gugu

Shamba limepulizwa glaifosati, dawa ya kuua magugu, asubuhi; mvua haikunyesha, dawa si feki. Wiki tatu baadaye sangari ya katikati imekauka, lakini ukanda wa mita moja hivi kando ya barabara ya murram bado ni kijani. Kwa jirani, aliyechota maji ya mto Nyando yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, shamba zima limenyauka nusunusu tu. Lawama zinaenda kwa mwenye agroveti. Mara nyingi mkosaji ni vumbi na matope, au tuseme metali zilizomo humo.

Glaifosati ni fosfonati. Kwenye ncha moja ya molekuli yake kuna atomu ya fosforasi iliyoshikana na kaboni upande mmoja na oksijeni tatu pande nyingine. Ncha ya pili ina oksijeni mbili, na katikati kuna naitrojeni. Oksijeni hizo zina chaji hasi, na metali iliyoyeyuka majini ina chaji chanya. Ayoni ya shaba ikipita karibu, hukamatwa na ncha zote mbili pamoja na ile naitrojeni, kama kitu kilichobanwa na gando la kaa. Kila upande hujifunga pete ya atomu tano, na pete ya namna hiyo haifunguki kirahisi. Wala si siri mpya: mwaka 1964 kampuni ya Stauffer ya Marekani ilipewa hataza ya molekuli hii kama kemikali ya kukamata metali. Ni mwaka 1970 ndipo John Franz wa Monsanto alipogundua kwamba inaua magugu.

Chuma, aluminiamu na shaba hushikwa kwa nguvu sana. Zinki na manganisi hufuata, halafu kalsiamu na magnesiamu. Molekuli iliyokwisha kukamata metali hupenya jani kwa shida, na isiyopenya haiui kitu.

Udongo mwekundu wa Kakamega na Vihiga umejaa oksidi za chuma na aluminiamu. Mkulima aliyeona mbolea yake ya DAP ikimezwa na udongo huo tayari anaijua habari hii, kwa kuwa fosfati ya mbolea na fosfonati ya dawa hugombea viti vilevile. Ndiyo maana unaweza kupanda mahindi muda mfupi baada ya kupuliza: dawa iliyoanguka chini imefungwa. Tatizo ni pale udongo huohuo unapokuwa ndani ya pampu, au umelala kama vumbi juu ya majani ya kando ya barabara.

Kipimo cha matope ni rahisi. Jaza ndoo ya lita 20, tumbukiza sarafu. Usipoiona chini, maji hayo hayafai kwa glaifosati. Yaache yatulie usiku kucha, uchote ya juu. Wengine hutia shabu ili yatulie upesi, wakisahau kwamba shabu yenyewe ni chumvi ya aluminiamu. Ukitia kidogo, ukasubiri na kuchota bila kutibua, sehemu kubwa ya aluminiamu hubaki chini pamoja na matope. Ukizidisha, umemwalika adui mwingine mezani.

Maji meupe nayo yaweza kuwa magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu. Weka vipande sawa vya sabuni ya mche katika chupa mbili, moja ya maji ya mvua na moja ya kisima, utikise. Ya kisima ikitoa utando mweupe badala ya povu, hayo ni magumu. Ladha ya chumvi isikudanganye: visima vingi vya Nakuru vina sodiamu na floraidi kuliko kalsiamu. Floraidi huharibu meno, lakini sodiamu haikamatwi na glaifosati kwa nguvu kama kalsiamu.

Sasa hesabu. Lita 2 za dawa ya gramu 360 kwa lita zina moli 4.3 hivi za glaifosati (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia molekuli). Maji magumu ya miligramu 400 kwa lita, yakipimwa kama kalsiamu kaboneti, yana milimoli 4 za kalsiamu kila lita. Ukipulizia ekari kwa lita 100 (pampu 5 za lita 20), umeingiza moli 0.4 za kalsiamu: ikiwa kila moja inakamata molekuli moja, unapoteza chini ya asilimia 10. Dawa ileile katika lita 300, hasara inakaribia asilimia 28. Anayeongeza maji ili "dawa ienee" anajiibia mwenyewe, mradi lebo inaruhusu maji machache.

Tiba ya ugumu ni mbolea ya SA (salfati ya amoniamu), gramu 200 hadi 400 kwa pampu ya lita 20. Iyeyushe kwanza, uchuje kwa kitambaa kwa sababu ya mchanga unaoziba nozeli, kisha utie dawa. Tone linapokauka juu ya jani, salfati hujishughulisha na kalsiamu, na amoniamu hushikana na glaifosati iliyo huru. Kwa matope SA haisaidii kitu. Wala usichanganye glaifosati na kopa ya kahawa (dawa ya ukungu yenye shaba) au mbolea ya majani yenye zinki.

Wanakemia, kwao, wanaufurahia mkamato huu. Manganisi ikiunganishwa na fosfonati yenye pete ya kaboni hujenga matabaka: kila manganisi huzungukwa na oksijeni sita, tano za fosfonati na moja ya maji, na pete hutokeza juu na chini kama mkeka wenye manyoya pande zote mbili. Kila manganisi ina elektroni tano zisizo na mwenzi, yaani kijisumaku. Kupitia oksijeni, kila kijisumaku humlazimisha jirani kuelekea kinyume chake. Vinginevyo vingefutana kabisa, lakini vimeinama kidogo, hivyo karibu nyuzi 260 chini ya sifuri tabaka zima linakuwa sumaku dhaifu. Zinki na kalsiamu hazina elektroni pweke, kwa hiyo fosfonati zake hazina mchezo huo.

Zinki ina mchezo mwingine. Glaifosati iliyochanganywa ikiachwa kwenye debe la mabati hula zinki iliyopakwa juu ya mabati hayo na kutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki.