Je, wajua kwa nini gitaa la metali huimba bila mwimbaji?

Shangazi, mzaliwa wa Mvumi, alikuwa anachambua mlenda kibarazani kwetu Ipagala pale mdogo wangu alipofungulia albamu ya metali, ule muziki wa roki wa magitaa mazito, isiyo na neno hata moja. Albamu ya kujitegemea: msanii kapiga magitaa yote chumbani kwake, ngoma kazipanga kwenye kompyuta, kaitoa mwenyewe bila kampuni. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. "Mwanangu, mwimbaji anaingia saa ngapi?"

Alishaingia, shangazi. Ni lile gitaa linalokoroma.

Piga uzi wa gitaa kavu usikilize. Sauti inaruka juu, halafu inafifia upesi. Haiwezi kushika nafasi ya mtu anayevuta neno kwa pumzi ndefu. Gitaa la umeme likisukumwa ndani ya amplifaya kupita kiasi, hali inageuka. Amplifaya ina ukomo wake. Wimbi la sauti likiuzidi, kilele chake hukatwa, kama shamba la mtama lililopitiwa na kisu hadi mashina marefu yote yakabaki kimo kimoja. Sasa hata uzi unapoanza kuchoka, wimbi lake bado linaugusa ule ukomo, hivyo linatoka na nguvu karibu ileile. Noti inasimama. Mpigaji anapata muda wa kuuvuta uzi kwa kidole, sauti ikapanda taratibu, ikatetemeka, kama inatoka kooni.

Na huo mkoromo? Uzi wa tano wa gitaa hutikisika mara 110 kwa sekunde, lakini ndani yake zimejificha sauti za juu zaidi: 220, 330, 440 na kuendelea. Kukata vilele huzipa nguvu hizo zilizojificha, sauti ikawa nene na yenye makwaruzo. Ndiyo maana wapiga metali hupenda kubana noti mbili tu, mathalani ya 110 na ya 165. Zikipita pamoja kwenye amplifaya iliyozidiwa, tofauti yao, yaani 55, nayo inasikika: besi ambayo hakuna kidole kilichoipiga! Ukiongeza noti ya tatu katikati, tofauti zinakuwa nyingi, zinagombana, na muziki unageuka tope.

Mwaka 1958 Mmarekani Link Wray alitoboa spika ya amplifaya yake kwa penseli ili apate mkwaruzo huo, akatoa "Rumble". Baadhi ya vituo vya redio vya Marekani vilikataa kuupiga wimbo huo kwa kuhofia utachochea vurugu za vijana, na hauna neno hata moja. Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha kwamba gitaa linasema, na watu wanalielewa.

Ila Mgogo hahitaji kwenda Marekani kutafuta haya. Itazame kwa karibu ilimba, ala yetu ya sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Kwenye sanduku lake kuna matundu madogo, na juu ya matundu fundi amebandika utando wa buibui. Ulimi wa chuma ukibonyezwa, utando nao unatetemeka, ukaongeza mvumo wa nyuki juu ya noti. Msikilizaji mgeni hudhani chombo kimepasuka, kumbe fundi kauweka mvumo makusudi, maana bila huo ilimba ingesikika tupu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliuzungusha mvumo huo duniani, na mara nyingi ilimba ilikwenda peke yake muda mrefu kabla hajafungua kinywa. Njia ni tofauti na ile ya amplifaya, nia ni moja: kuichafua sauti kidogo ili ijae.

Nilimweleza shangazi hayo yote, nikamkumbusha ilimba ya babu. Aliacha mlenda, akainamisha kichwa kuelekea spika, akasikiliza hadi gitaa lilipomaliza kuvuta ile noti ndefu.

"Kumbe kaweka buibui," akasema.