Welles hakuiongoza The Third Man
Kila ninapowaonyesha wanafunzi wa kamera The Third Man, filamu ya 1949, hakosi mtu wa kunieleza kuwa Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji maarufu, ndiye aliyeiongoza. Nimechoka. Mwongozaji ni Carol Reed, hadithi ni ya Graham Greene. Welles aliigiza Harry Lime, ambaye sura yake haionekani mpaka filamu imekwenda kama saa nzima. Yale maneno ya Lime kuhusu Uswisi na saa yake ya ukutani yenye ndege aliyaongeza Welles mwenyewe, sawa, apewe haki yake.

Wabishi husema: tazama vile vivuli, nani mwingine angevipiga hivyo? Basi katazameni Odd Man Out ya 1947. Reed yule yule, mpigapicha yule yule, Robert Krasker, na Welles hayumo kabisa. Mtoro mwenye jeraha anatangatanga Belfast usiku, taa kali inampiga kwa nyuma, anabaki umbo jeusi tu. Walipofika Vienna kupiga The Third Man waliipanua kazi hiyo. Barabara za mawe zilimwagiwa maji makusudi, maana jiwe kavu humeza mwanga, lililoloa huurudisha kwenye lenzi. Usiku wa mji mzima huwezi kuumulika wote. Unachagua kitakachong'aa, kwingine unaacha giza. Krasker alipata Oscar kwa kazi hii. Kumpokonya sifa kwa kuwa mwigizaji ana jina kubwa ni dhuluma.

Hata mle kwenye mifereji ya majitaka, Lime anapokimbizwa, vile vidole vinavyochomoza kwenye wavu wa chuma ni vya Reed mwenyewe.

Kuna jambo moja linanipa shaka: kulaza kamera upande. Vitabu husema kunaonyesha mji uliopoteza mizani baada ya vita. Mimi naona picha kadhaa zimelazwa bila sababu yoyote iliyomo kwenye tukio. Mwongozaji mwenzake, William Wyler, alipoiona filamu alimtumia Reed pimamaji, aiweke juu ya kamera ili ikae sawa.

Ila picha ya mwisho imenyooka kabisa. Greene alitaka Anna, mpenzi wa Lime, aondoke na Holly, rafiki wa Lime, Reed akakataa. Alida Valli, anayeigiza Anna, anakuja kutoka mbali kwenye barabara ya makaburini, taratibu, mpaka anampita Joseph Cotten, yaani Holly, bila kumtupia jicho, na Reed hakati. Baadaye Greene aliandika kwamba Reed ndiye aliyekuwa sahihi.